UZI: Seva imekosa mtandao baada ya kusasisha kerneli. Ni draiva, femwea au kadi yenyewe?

Mhimili_Posta · #1

Wakuu, salaam.

Seva imesasishwa usiku, asubuhi haijibu ping, na kabla ya saa nne mtu ameshatumwa Kariakoo kutafuta kadi nyingine, au wameanza kupakia mfumo upya. Hili linajirudia mno hapa mjini na linaniuma, kwa sababu mara nyingi kadi ni nzima. Kilichokatika ni kiungo kimoja tu: njia ya PCI (inayounganisha kadi na ubao mkuu), draiva (programu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayoiendesha kadi), femwea (ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu ya kadi wakati wa kuwaka), au jina la kiolesura (jina ambalo mfumo unaipa kadi, kama enp3s0). Mashine yenyewe itakwambia ni kipi, mradi uiulize kwa mpangilio na usiguse kitu kabla hujasoma majibu.

Ukiwa mbele ya skrini ya seva, au kwenye iDRAC, iLO au IPMI (zinazokuonyesha skrini ya seva ukiwa mbali), anza hapa:

```
lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet
```

Jibu la kawaida kwa Realtek:

```
03:00.0 Ethernet controller [0200]: Realtek ... RTL8111/8168/8411 ... [10ec:8168] (rev 15)
        Kernel driver in use: r8169
        Kernel modules: r8169
```

Jina refu lisikushughulishe. Kitambulisho ni zile namba za mwisho kwenye mabano ya mraba, 10ec:8168. 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. 8086:1533 ni I210, draiva yake igb. 8086:10d3 ni 82574L, inatumia e1000e. 14e4:165f ni BCM5720, inatumia tg3. 14e4:1639 ni BCM5709, ile iliyo kwenye Dell R710, na inatumia bnx2. Ukizijua namba umeijua draiva, hata kama boksi limeandikwa kitu kingine.

Sasa tazama mistari miwili ya chini. Kadi isipoonekana kabisa, achana na draiva. Hilo ni suala la sloti, BIOS au umeme. "Kernel modules" ikiwepo lakini "Kernel driver in use" haipo, moduli (faili la draiva) iko kwenye diski ila haijaishika kadi. Yote mawili yakikosekana, kerneli yako haina moduli ya kadi hiyo. Kwenye Ubuntu kagua kama `linux-modules-extra-$(uname -r)` imewekwa, maana draiva nyingi zisizotumika sana zinakaa humo. Na kama draiva imeshika lakini bado hakuna mtandao, nenda kwenye logi:

```
dmesg -T | grep -Ei 'r8169|firmware|link is|NETDEV|AER'
```

Badala ya r8169 weka draiva yako. Mstari unaowatisha wengi ni huu: `r8169 0000:03:00.0: Unable to load firmware rtl_nic/rtl8168h-2.fw (-2)`. Hiyo -2 maana yake faili halipo. Realtek ya aina hii kwa kawaida inaendelea kufanya kazi bila faili hilo, ingawa linki inaweza kuyumba. bnx2 haivumilii: bila `bnx2/bnx2-mips-09-6.2.1b.fw` kiolesura hakiwaki.

Watu wa Debian, sababu kubwa ni hii: kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023, femwea zimehamishiwa sehemu mpya ya hazina inayoitwa non-free-firmware. Aliyepanda kutoka 11 akiwa na non-free peke yake haletewi femwea mpya. Ongeza neno hilo kwenye sources.list, fanya `apt update`, weka firmware-realtek au firmware-bnx2, kisha `update-initramfs -u` na uwashe upya.

Mwenye tatizo aweke logi hapa, tusikisie.

---

Kitasa22 · #2

Mkuu shukrani. Ya kwangu ni seva ndogo ya mafaili, ofisi iko Mikocheni. Debian 12, kerneli imejisasisha hadi 6.1.0-18-amd64. Sasa `ip -br link` inaonyesha lo peke yake. lspci inatoa 10ec:8168, "Kernel modules: r8169", na hakuna "driver in use". Nimejaribu pia ile nyingine:

```
modprobe r8168
modprobe: FATAL: Module r8168 not found in directory /lib/modules/6.1.0-18-amd64
```

---

dada_terminali · #3

Kaka Kitasa, huo mtego unajulikana. Kuna aliyeweka draiva ya r8168 ya Realtek kwa DKMS, akaizuia r8169 isipakiwe. DKMS hutengeneza moduli upya kila kerneli mpya inapoingia, lakini inahitaji linux-headers (mafaili ya kerneli ya kutengenezea moduli) za toleo lile lile. Zikikosekana, r8168 haitengenezwi, na r8169 nayo imefungiwa nje. Kadi inabaki haina mwenyewe.

```
dkms status
grep -rn r8169 /etc/modprobe.d/
modprobe r8169
```

Amri ya tatu itapita hata kama kuna `blacklist r8169`, kwa sababu blacklist inazuia upakiaji wa moja kwa moja unaotokana na kitambulisho cha kadi. Haizuii ukiiita moduli kwa jina lake. Kinachozuia kweli ni mstari wa aina ya `install r8169 /bin/false`. Huo ufute kwanza.

Mtandao ukirudi una njia mbili. Ukitaka kubaki na r8168, weka `linux-headers-amd64`, siyo `linux-headers-$(uname -r)` peke yake. Ya kwanza inafuata kila kerneli mpya, ya pili inabaki na toleo moja, na sasisho lijalo litakurudisha hapa hapa. Kisha `dkms autoinstall`. Ikishindwa, soma `make.log` iliyo ndani ya /var/lib/dkms/r8168/, kwenye folda ya build. Kosa la kwanza kutoka juu ndilo lenye habari, yanayofuata ni matokeo yake.

Ila kama huna sababu mahususi ya kutumia r8168, mimi ningeiondoa: `apt purge r8168-dkms`, futa mstari wa blacklist, halafu `update-initramfs -u`. Usiiruke hiyo ya mwisho. Mafaili ya modprobe.d yananakiliwa ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka), kwa hiyo unaweza kufuta blacklist kwenye diski na bado ikafanya kazi wakati wa kuwaka.

---

FundiMitambo_Tegeta · #4

Dada, kwa Kitasa ushauri huo ni sahihi, ila r8168 tusiifute kwa kila mtu. Kuna madabodi ambazo r8169 inaning'inia kwenye mzigo mkubwa na r8168 inatulia. Anayeihitaji aitumie, lakini headers ziwe zimepangwa sawasawa.

Na kuna kikwazo kingine, Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika). Moduli ya DKMS imetengenezwa vizuri, lakini:

```
modprobe: ERROR: could not insert 'r8168': Key was rejected by service
```

Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikiwa imewashwa, moduli lazima iwe na saini ambayo mashine inaitambua. Kwenye Debian 12 ufunguo wa DKMS ni /var/lib/dkms/mok.pub, kwenye Ubuntu ni /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der. Uusajili hivi:

```
mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub
```

Itakuomba uweke nenosiri la muda. Ukiwasha upya, inakuja skrini ya bluu ya MOK inayosubiri ubonyeze kitufe kwa sekunde 10 tu; ukichelewa inaendelea kuwaka na usajili haujafanyika. SSH haifiki hapo. Hakikisha kuna mtu mwenye kibodi mbele ya seva, au una iDRAC au iLO inayoonyesha skrini.

---

Kitasa22 · #5

`modprobe r8169` imekubali, enp3s0 imeonekana na imechukua anwani. Blacklist ilikuwepo kweli, nimeifuta na kutengeneza initramfs upya. Dada, ubarikiwe.

Swali jingine: ethtool inasema Speed: 100Mb/s wakati swichi ni ya gigabiti. Ni draiva bado?

---

Mhimili_Posta · #6

Hapana mkuu, hiyo ni kebo mpaka ithibitike vinginevyo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya; 100 inatumia mbili tu, pini 1-2 na 3-6. Jozi moja ikikatika au pini ikiwa haijakaa vizuri, linki inaweza kushuka hadi 100 na draiva haitalalamika. Badili kebo na tundu la swichi kabla ya kitu kingine chochote. Ukinunua, epuka kebo za alumini iliyopakwa shaba: ni nyepesi mkononi, na ukikwangua ncha ya waya unaona rangi ya fedha ndani. Linki ikikaa kwenye 1000, bado tazama hii baada ya saa chache za kazi:

```
ethtool -S enp3s0 | grep -Ei 'err|drop|miss|crc'
```

Makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) yakipanda, hiyo ni kebo au viunganishi. Kwenye kadi za Intel, rx_missed ikipanda huku CRC ni sifuri, kebo ni safi ila mashine inachelewa kuchukua pakiti. Hapo ongeza bafa: `ethtool -g` inaonyesha kiwango, na igb huanza na 256 wakati inaweza kufika 4096. `ethtool -G eno1 rx 2048` inatosha kwa kuanzia.

Na kwa ambao hata modprobe isingewarudishia mtandao: chomeka simu ya Android kwa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux inaichukua kwa moduli ya rndis_host, na kiolesura kinatokea kama usb0 au jina refu linaloanza na enx. Kwenye Debian 12, `dhclient usb0` na umeshapata njia ya kwenda nje. Linda bando lako: linux-firmware ya Ubuntu ina mamia ya megabaiti. Kama unachokosa ni faili moja tu la Realtek, lichukue lenyewe kutoka hazina ya linux-firmware, ni kilobaiti chache, uliweke /lib/firmware/rtl_nic/. Ukiwa na mashine nyingine ya Debian 12 yenye mtandao, tumia `apt-get download`, ila kwa linux-headers andika namba ya kerneli ya seva kwa mkono. `$(uname -r)` itakupa ya mashine uliyokalia.

---

Nyaya_Ubungo · #7

Wakuu, nami nina Proxmox (mfumo wa mashine pepe) yenye Intel I219. Draiva imeshika, linki iko gigabiti, ila nakala za akiba zikianza kwenda inakatika kwa muda na kurudi:

```
e1000e 0000:00:1f.6 eno1: Detected Hardware Unit Hang:
```

Mtandaoni wanasema niweke pcie_aspm=off. Nifanye hivyo?

---

dada_terminali · #8

Usianze huko. Kwa mstari huo na kadi hiyo, mtuhumiwa wa kwanza ni TSO, ile kazi ya kukata data kubwa kuwa pakiti ambayo kerneli huiachia kadi. Izime ukiwa hapo hapo, haihitaji kuwasha upya:

```
ethtool -K eno1 tso off gso off
```

Rudisha mzigo ule ule wa nakala. Ikitulia, ifanye ya kudumu kwenye /etc/network/interfaces, chini ya kipande cha eno1 chenyewe, siyo cha vmbr0 (daraja la mashine pepe):

```
post-up /usr/sbin/ethtool -K eno1 tso off gso off
```

Gharama yake ni CPU kufanya kazi zaidi kidogo. Kwa gigabiti moja, prosesa ya miaka hii haitaabiki.

Usichanganye na hii nyingine: `NETDEV WATCHDOG: enp3s0 (r8169): transmit queue 0 timed out`. Hiyo inasema kerneli imekabidhi pakiti na kadi haikuripoti kuzituma kwa sekunde kadhaa. Hapo ndipo ASPM (mpango wa kuokoa umeme kwenye njia ya PCIe) inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, pamoja na draiva yenyewe na umeme wa sloti.

---

FundiMitambo_Tegeta · #9

Naongezea kwenye ASPM, maana ushauri wa pcie_aspm=off unasambazwa bila kuelezwa. Watu wanadhani unazima ASPM. Hauzimi. Unaiambia Linux isiguse mpangilio wa ASPM kabisa, kwa hiyo kama BIOS iliiwasha, inabaki imewashwa. Ndiyo maana wengine wanaiweka na tatizo halibadiliki, kisha wanahitimisha kwamba kadi ni mbovu.

Tazama hali halisi kwanza:

```
lspci -vv -s 03:00.0 | grep -E 'LnkCtl:|LnkSta:'
```

Ukiona "ASPM L1 Enabled", unaweza kujaribu kuizima kwa kadi hiyo moja, seva ikiendelea kufanya kazi:

```
echo 0 > /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/link/l1_aspm
```

Faili hilo lipo kwenye kerneli za kuanzia 5.5, ikiwa kerneli ndiyo inayosimamia ASPM. Logi ikinyamaza chini ya mzigo, umepata jibu. Kwa kudumu tumia `pcie_aspm.policy=performance` kwenye mstari wa kerneli, au zima ASPM ndani ya BIOS.

---

Kigamboni_NOC · #10

Kwa sisi tulio karibu na bahari kuna sura nyingine inayojifanya draiva. Kwenye dmesg unakuta:

```
pcieport 0000:00:1c.0: AER: Corrected error received
```

ikifuatiwa na BadTLP, BadDLLP au RxErr. Hayo ni makosa ya waya za PCIe zenyewe. Mara nyingine LnkSta hapo juu inaonyesha "downgraded", yaani kadi imeshuka kasi au upana. Hewa ya chumvi, unyevu na vumbi vinakula mguso wa kadi na sloti. Zima, chomoa kadi, safisha meno yake kwa isopropili ya 99% na kitambaa kisichoacha nyuzi, acha ikauke, rudisha na ukaze skrubu ya bano. Msitumie raba ya penseli. Tabaka la dhahabu ni jembamba na raba inalikwangua.

Dalili ya pili ni kadi kuanguka kwenye njia ya PCI. lspci inaonyesha `(rev ff)`, na ukiongeza -v unakuta `!!! Unknown header type 7f`. Maana yake kila swali kwa kadi linajibiwa kwa biti zote zikiwa 1, kadi haizungumzi. Unaweza kujaribu bila kuzima:

```
echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove
echo 1 > /sys/bus/pci/rescan
```

Isiporudi, kuwasha upya hakutoshi, na hata kuzima kwa kitufe hakutoshi. Pawasapulai inaendelea kuipa kadi umeme wa akiba ili iweze kuamshwa kupitia mtandao, na UPS inahakikisha umeme huo haukatiki hata mtaa mzima ukiwa gizani. Chomoa waya wa umeme nyuma ya seva (kama pawasapulai ni mbili, zote), subiri sekunde 30 hivi, bonyeza kitufe cha kuwasha ili mabaki yaishe, kisha rudisha.

Kwa wanaonunua kadi za Intel za mtumba: ukiona `The NVM Checksum Is Not Valid` na baada yake `probe ... failed with error -5`, draiva imeiona kadi na kuikataa kwa sababu kumbukumbu yake ya ndani haieleweki. Kadi bandia na zilizochezewa hujitokeza hivyo. Omba kuijaribu kwenye mashine kabla ya kulipa.

---

bsd_Chang'ombe · #11

Kwa FreeBSD maswali ni yale yale, amri tofauti. `pciconf -lv`: kadi ikianza na `re0@pci0` draiva imeshika, ikianza na `none0@pci0` haina draiva. Kwenye Realtek kosa linaloonekana sana ni `re0: watchdog timeout`. Jaribu kwanza `ifconfig re0 -tso -lro -txcsum -rxcsum`. Ikiendelea, weka draiva ya Realtek yenyewe kwa `pkg install realtek-re-kmod`, na kwenye /boot/loader.conf:

```
if_re_load="YES"
if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"
```

Mstari wa pili ni wa lazima, la sivyo haitachukuliwa ile uliyoiweka. Tahadhari kubwa ni wakati wa kupanda toleo. Moduli iliyotengenezwa kwa toleo la zamani inaweza kukataliwa kwa ujumbe wa `version mismatch`. Kabla ya kupanda, wekea mistari hiyo miwili alama ya #, panda ukitumia re ya ndani, kisha ijenge moduli upya kutoka ports.

---

Nyaya_Ubungo · #12

Dada, TSO imezimwa na nakala zimepita zote bila mstari wa Hang. Ahsante sana.

Sasa nataka kuongeza NVMe (diski ya PCIe) kwenye seva nyingine, ina kadi ya igb kwenye sloti, na iko mbali, nafika kwa SSH tu. Nimesikia jina la kiolesura linaweza kubadilika?

---

Mhimili_Posta · #13

Linaweza. Namba iliyo ndani ya enp3s0 ni ya njia ya PCI, na kifaa kipya kinaweza kuzisogeza. enp3s0 inakuwa enp4s0, draiva iko sawa kabisa, ila mipangilio inamtafuta asiyekuwepo. Funga jina kabla kifaa hakijachomekwa. Tengeneza /etc/systemd/network/10-lan0.link:

```
[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff
[Link]
Name=lan0
```

Tumia PermanentMACAddress, siyo MACAddress. Madaraja na VLAN huweza kubeba anwani ile ile ya kadi, na ukitumia MACAddress sheria inaweza kuwashika nao. Badilisha jina kwenye /etc/network/interfaces pia, pamoja na mstari wa bridge-ports, halafu `update-initramfs -u`.

Na ukihitaji kupakia draiva upya kupitia kadi ile ile uliyoingilia, usiandike `modprobe -r` peke yake. Ukibonyeza Enter umejifungia nje. Jiwekee kinga kwanza, kisha peleka amri zote kwa mkupuo mmoja:

```
shutdown -r +10
nohup sh -c 'modprobe -r igb; sleep 3; modprobe igb; sleep 3; systemctl restart networking' >/root/igb.log 2>&1 &
```

Ukifanikiwa kuingia tena, `shutdown -c` inafuta kuwashwa upya. Usipoweza, seva itajiwasha yenyewe baada ya dakika 10 na draiva itapakiwa kwa njia ya kawaida. Kwa Ubuntu weka `netplan apply` badala ya ile ya networking.